Bibi naye ale nyama choma

Leo siasa naiweka pembeni, nataka kuongelea nyama. Najua wengine mtasema huyu dogo kakosa habari za kuandika. Subirini kwanza.

Mwezi wa kumi na mbili ukoo wetu ulikutana kwa bibi, Nkoaranga, huko kwenye miteremko ya Mlima Meru ambako kila nyumba imezungukwa na migomba na kahawa. Tulikuwa watu kama arobaini. Walichinjwa mbuzi wawili, na mbavu za ng'ombe zikaletwa kutoka mjini. Wajomba zangu walisimama kwenye pipa lililokatwa katikati toka saa nne asubuhi, bia mkononi, wakigeuza nyama na kubishana mambo ya mpira. Moshi ukapanda mpaka kwenye migomba. Kwa harufu ile, hata jirani mwenye ugomvi na sisi wa mpaka wa shamba alikuja kusalimia!

Nyama ilipokatwakatwa ikaanza kupitishwa kwenye sinia. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha sinia, kwa hiyo niliona kila kitu. Wanaume walichukua kwanza, kama kawaida. Kina mama wakachukua kilichofuata, nusu yake wakawakatia watoto vipande vidogo vidogo. Watoto wakatafuna weee, mwisho wakavitema chini. Nikafika kwa bibi. Bibi ana miaka zaidi ya themanini na meno yaliyobaki ni manne, ya chini. Akachukua mfupa mmoja, akaunyonya kidogo, kisha akaufunga kwenye pindo la khanga kana kwamba anauweka wa baadaye. Mama mdogo akamletea kikombe cha supu. Akanywa, akashukuru, akasema ameshiba.

Hakushiba. Mimi bibi yangu namjua. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mmoja wa wale mbuzi wawili alikuwa wake, kamlisha mwenyewe kwa mkono wake miezi yote ile.

Toka siku hiyo nimekuwa na neno rohoni, na leo nalisema. Nyama choma tunayojivunia sisi watu wa Arusha imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa aina moja tu: mwanaume mwenye meno yote na hela mfukoni. Wengine wanapewa harufu na supu. Dawa yake ipo na si ya gharama. Ni mkate wa nyama, kile Wamarekani wanachokiita meatloaf, nyama ya kusaga iliyofinyangwa kama boflo na kupikwa mpaka iive. Na si lazima uwe na oveni. Unapikwa nje uani, kwenye mkaa uleule, na unatoka na moshi wake kama kawaida.

Wanaobisha waende Kwa Mrombo Jumapili jioni wakaangalie meza. Sisemi pabaya, mimi mwenyewe ni mteja. Nyama inapimwa kwa kilo, inachomwa, inaletwa kwenye ubao na chumvi pembeni, pilipili, kachumbari na ndizi za kuchoma. Raha tupu. Lakini hesabu wanawake waliokaa kwenye meza hizo, halafu hesabu watoto, halafu tafuta bibi mmoja tu mwenye umri wa bibi yangu. Baba wa watu anamaliza nusu kilo na wenzake, anarudi nyumbani saa nne usiku ananuka moshi, na wanawe wameshalala na ugali wao na mchicha. Kesho yake anasema "watoto wa siku hizi hawapendi nyama." Watapendaje kitu wanachokisikia kwenye shati la baba?

Jambo hili lina mizizi, tusiwalaumu wajomba peke yao. Wamasai wana orpul, kambi ya porini ambako wanaume huenda kuchinja, kula nyama na kunywa supu yenye dawa za mizizi na magome, na kwa mila yao moran hatakiwi kula nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa. Waarusha ni ndugu zao wa lugha na desturi. Upande wa pili, kule Kilimanjaro, kuna Wachagga na ndafu wao, mbuzi mzima anayeingia ukumbini siku ya harusi kama mgeni rasmi. Sisi Wameru tumekaa katikati ya majirani hao, tumejifunza kwa wote wawili. Moto mkubwa, nyama kubwa, kisu kiunoni, mwanaume amesimama. Jikoni ndani ni kwa mama, motoni nje ni kwa baba. Pipa lilipokuja na baa ilipokuja, mila ilihama tu kutoka porini ikaja barabarani.

Sasa tuiangalie nyama yenyewe. Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wengi wao ni zebu wa kienyeji, yule mwenye nundu. Ni mnyama mvumilivu sana. Anatembea kilomita nyingi kwenye vumbi la Longido na Monduli akitafuta maji na malisho, na akifika mnadani hana mafuta mengi ya kujivunia. Msuli unaofanya kazi hivyo hujaa kano na nyuzi ngumu, kitu wataalamu wanaita kolajeni. Kolajeni ukiipiga moto mkali kwa dakika ishirini haiyeyuki, inajikunja na kuikaza nyama zaidi. Inataka joto la pole la muda mrefu. Na sisi hatuna subira hiyo: ng'ombe anachinjwa alfajiri, mchana yuko kwenye wavu. Hakuna anayemtundika kwenye baridi wiki mbili ili alainike.

Mtu atasema basi ichemsheni. Sawa, lakini Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 95 tu, siyo 100 kama Dar. Nkoaranga ni juu zaidi. Muulize mama yeyote wa mlimani makande yanachukua saa ngapi, atakuonyesha lundo la kuni. Nyama ya bega ya ng'ombe wa mnadani ni hadithi hiyohiyo. Kwa hiyo mashine ya kusagia ndiyo inayofanya kazi ambayo meno ya bibi hayawezi tena na meno ya mtoto hayajaanza. Inakata zile nyuzi kabla hazijafika mdomoni.

Watu wa pwani wamelijua hili zamani. Kababu, sambusa, katlesi, vyote ni nyama ya kusaga, na pale Forodhani, Unguja, usiku wanakukunjia nyama ya kusaga na yai ndani ya unga mbele ya macho yako. Wao wanaiita kima, neno lililotoka Bara Hindi. Huku kwetu ukisema kima mtu anashtuka, maana kima anaowajua yeye wako Momella kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wanarukaruka mitini na mbega! Labda ndiyo sababu kitoweo chenyewe hakikupanda mlima vizuri. (Natania.)

Na huo mkate wa nyama si chakula cha matajiri, msidanganywe na jina la Kizungu. Wajerumani wana wa kwao wanauita Falscher Hase, yaani sungura wa uongo, wenye mayai ya kuchemsha katikati. Jina linajieleza: sungura hakuwepo, wakasaga kilichokuwepo. Afrika Kusini kuna bobotie ya jamii za Kiislamu za Cape, nyama ya kusaga yenye viungo na yai juu yake. Wamarekani waliushikilia sana miaka ya 1930 uchumi wao ulipoanguka, kwa sababu mama akichanganya nyama kidogo na mkate uliolala analisha nyumba nzima. Ni chakula cha watu waliobanwa wakakataa kumnyima mtu. Tangu lini Mtanzania akashindwa kuelewa hilo?

Mimi niliula mara ya kwanza Njiro, nyumbani kwa Wamarekani waliokuwa wanajitolea kufundisha. Walikuwa na lile jiko la nje la duara lenye mfuniko. Nilipoona wanaweka bonge la nyama humo na kufunika, nikajua wamekata tamaa, wanaificha. Baada ya saa moja na kitu wakafunua. Aisee. Ukoko wa kahawia nje, ndani laini unakatika kwa uma, na moshi umeingia mpaka katikati. Nilikula vipande vinne nikamfikiria bibi.

Basi bwana, Februari nikaamua kujaribu mwenyewe pale ninapopanga, Sakina. Nikanunua kilo ya nyama ya kusaga, nikachanganya na vitunguu, nikafinyanga, nikaibwaga juu ya wavu kama ninavyobwaga mbavu. Moto mkali, maana sisi tunajua moto. Dakika kumi tu chini pakawa peusi. Nikajaribu kugeuza. Ikakatika vipande vitatu, viwili vikadumbukia kwenye makaa, mafuta yakawaka, nikaunguza nyusi. Kipande kilichobaki nilipokikata ndani kilikuwa chekundu na cha baridi. Mbwa wa mwenye nyumba alikula vizuri sana siku hiyo, na majirani bado wananiita mpishi.

Nikampigia mama simu kumweleza. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniuliza swali moja: "Kwani wewe wali unaupalia vipi?"

Jamani! Nimesoma mpaka chuo kikuu na jibu lilikuwa kwenye sufuria la mama siku zote. Kupalia ndiko huko. Wali ukikaribia kukauka unapunguza moto wa chini, unafunika, unaweka makaa juu ya mfuniko, joto linashuka kutoka juu na kupanda kutoka chini, taratibu. Keki za mtaani za birthdei zimeokwa hivyohivyo miaka yote, sufuria lenye mchanga chini na makaa juu, hakuna oveni wala umeme. Lile jiko la Wamarekani lenye mfuniko halifanyi uchawi mwingine. Moto haugusi nyama moja kwa moja, joto linaizunguka. Kwa hiyo ujuzi wa kuchoma mkate wa nyama sisi tunao tayari, ila wenye ujuzi huo hawajawahi kukaribishwa kwenye pipa. Pipa linashikwa na wajomba, na wajomba hawajawahi kupalia chochote.

Haya, sasa namna ninavyofanya, baada ya kuharibu mara tatu. Nenda bucha, chagua kilo moja ya bega, na hakikisha mzoga una muhuri wa mkaguzi. Waambie wakusagie mbele yako, au kama una ile mashine ya mkono ya kufunga kwenye ukingo wa meza, saga mwenyewe. Usinunue iliyokwisha kusagwa ikakaa, nitaeleza kwa nini. Nyama yetu ni kavu, kwa hiyo ongeza mafuta kama gramu 150, na hapa ndipo kondoo wa Kimasai anapotukomboa, maana amebeba mafuta mkiani. Yasagwe pamoja. Chukua vipande vitatu vya mkate uliolala, viloweke kwenye nusu kikombe cha maziwa mpaka viwe uji. Huo uji ndio unaozuia nyama isikauke na kuwa kama soli ya kiatu. Siku moja sikuwa na mkate nikaponda ndizi mshare mbili zilizochemshwa, ikakubali vizuri tu, na nadhani kwa mtu wa Meru hiyo ndiyo njia halali.

Tia mayai mawili, kitunguu kilichokatwa vidogo sana na kukaangwa kidogo, saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari nzima iliyotwangwa, karoti ya kukwaruza, na chumvi kijiko cha chai na nusu. Changanya kwa mkono mwepesi, ukiona vimeshikana acha. Ukiikanda kama unga wa chapati itakuwa ngumu na kuruka kama mpira, na tutarudi kulekule tulikotoka.

Kisha kata jani la mgomba, lipitishe juu ya moto lilainike lisipasuke, litandike ndani ya kopo refu la kuokea au sufuria dogo, na finyangia nyama humo iwe kama boflo. Weka mawe madogo matatu ndani ya sufuria kubwa, kopo likae juu ya mawe lisiguse chini. Funika. Makaa machache chini, mengi kidogo juu ya mfuniko. Ukiwa na pipa lenye bati la kufunikia, sogeza makaa pande mbili, weka kopo katikati pasipo na makaa, funika bati. Saa moja na robo hivi, usiwe unafunuafunua, kila ukifunua joto linakimbia. Ikishaiva na kushikana, toa kopo, pindua nyama na jani lake juu ya wavu wenye makaa ya wastani, paka maji ya ukwaju yenye sukari na pilipili, na uiache dakika kumi ipate ukoko na moshi. Hapo mjomba anaruhusiwa kusogea na bia yake. Iache ipoe kidogo kabla ya kukata, la sivyo maji yake yote yatamwagika kwenye ubao.

Sasa lile nililoahidi kueleza, na hapa naomba tusitaniane. Kipande kizima cha nyama kina vijidudu kwa nje zaidi, kwa hiyo moto ukipiga nje umepona, ndiyo maana mtu anakula choma yenye wekundu kidogo katikati na kesho anaamka. Ukisaga, cha nje umekiingiza ndani. Kila sehemu ya ule mkate imeguswa na kisu, mashine na mikono. Marekani mwaka 1993 baga ambazo hazikuiva vizuri za migahawa ya Jack in the Box ziliwaugua watu zaidi ya 700 na watoto wanne wakafariki. Tangu hapo wakazidi kusisitiza kwamba nyama ya kusaga ifike nyuzi joto 71 katikati. Vipimajoto vya nyama vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya jikoni, vile vya kuchomeka, na ni bora kuliko kubahatisha kwa rangi. Kama huna, choma kijiti cha mshikaki mpaka katikati, maji yanayotoka yawe meupe bila damu, na hata hapo mimi naongeza dakika kumi. Unamlisha bibi na mtoto, watu ambao tumbo likiharibika hawana akiba ya nguvu. Ukitaka wekundu, kula mbavu zako.

Mjomba wangu mkubwa nilipomweleza mpango wangu aliniambia, "Dogo, hiyo ni keki. Choma ina mfupa." Nikamwuliza mfupa anaula? Akanyamaza kidogo, akasema mfupa ni heshima. Hili nalielewa kuliko anavyodhani. Kwenye mfupa kuna mpangilio, nani kapewa paja, nani kapewa shingo, ukoo unajisoma kwenye sinia. Mkate wa nyama hauna paja wala shingo. Ukikata kipande cha mjomba na kipande cha mtoto wa darasa la pili ni nyama ileile. Nadhani hapo ndipo panapowasumbua wengi, kuliko ladha. Na mimi sisemi tuache mbavu. Nasema kwenye pipa la mita moja haikosekani nafasi ya kopo moja pembeni.

Wengine wananiambia nyama ya kusaga ni kichaka cha wauza bucha, wanaficha humo mabaki ya jana. Hao wana haki, ndiyo maana nimesema isagwe ukiwa umesimama pale. Na kuhusu hela, fanyeni hesabu wenyewe. Kilo ya choma baa ina mfupa ndani yake na mfupa mmelipia, tena wanaume wawili wanaimaliza kabla ya chupa ya pili. Kilo yangu ya bega, ambayo ni rahisi kuliko steki, ikipata mkate, mayai na karoti ililisha watu tisa, na kipande kikabaki cha chai ya asubuhi. Mtoto aliyeanza kula anahitaji madini ya chuma yaliyo kwenye nyama kuliko anavyohitaji baba yake, na anachopewa kwa sasa ni mfupa wa kuchezea.

Kuna jambo moja sina raha nalo, na bora niliseme kabla hamjanisuta. Mimi huyuhuyu nimeandika habari gazetini za nishati safi ya kupikia. Serikali ilitoa mkakati wake mwaka 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na sababu zake nazijua: misitu inaisha, na moshi unaua kina mama jikoni. Halafu Jumamosi mnanikuta nimechuchumaa napuliza mkaa. Kujitetea kwangu ni kudogo. Kupalia hakuli mkaa mwingi, makopo mawili yanatosha ambapo pipa la mbavu linakula debe, na mkaa mbadala wa pumba unafaa zaidi kwa kazi hii kuliko kwa choma, kwa sababu unatoa joto la pole linalodumu. Lakini ni mkaa tu, sikatai. Mwenye gesi na oveni aokee humo, bibi yake hatauliza moshi uko wapi.

Pasaka nikapanda Nkoaranga na kopo langu na mafuta ya kondoo kwenye mfuko. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, Meru haukuonekana kabisa, mawingu yamekaa mpaka kwenye paa. Mama ndiye aliyepalia, mimi nikashika tochi ya simu. Wajomba walikuwa na mbavu zao chini ya turubai na wakatutania mpaka tulipopindua ule mkate juu ya wavu wao, harufu ya jani la mgomba na ukwaju ikatoka. Mjomba mkubwa akasogea, akakata kipembe, "naonja tu." Akaonja mara tatu.

Kipande cha kwanza kilienda kwa bibi. Nilimpelekea kwenye sahani, na loshoro pembeni, nikapiga goti nikamwambia, "Bibi, hii ni nyama choma, utafune usitafune shauri yako." Akainusa. Akakata kwa vidole, akaweka mdomoni, akanyamaza muda mrefu huku anaangalia mvua. Akamaliza. Akaomba cha pili, akamaliza na hicho, akajifuta mikono kwenye khanga, na safari hii hakufunga kitu kwenye pindo.

Kisha akaniita karibu akaniambia chumvi imepungua. Sasa natia vijiko viwili.